Ng'ombe anaumwa na sindano hazisaidii: mwongozo wa virusi visivyosemwa sana

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale, hadi maneno yake nimeyakariri. "Nimemchoma tetrasaiklini siku tatu mfululizo, homa haishuki, nibadilishe dawa gani?" "Ng'ombe ametupa mimba, nimempima brusela hana, sasa ni nini?" "Jicho limekuwa jeupe kama maziwa, nitie nini?" "Ndama ana mwaka mzima lakini ukimwona utadhani ana miezi minne." Nayajibu yote hapa pamoja kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni kirusi, na kirusi hakifi kwa antibiotiki hata ubadilishe chupa mara ngapi.

Miguu na midomo, mapele ngozi na kichaa cha mbwa vinajulikana. Hapa nazungumzia vile vingine, ambavyo mfugaji hukaa navyo zizini miaka bila kuvijua kwa majina: BVD (kirusi cha kuharisha kinachoharibu pia mimba), IBR (kirusi cha pua, macho na njia ya hewa), homa ya siku tatu, ugonjwa wa nyumbu, leukosisi (kirusi cha damu kinachoweza kuleta saratani) na ndugu zao. Mwongozo huu haukufanyi daktari wa mifugo. Unakusaidia kuzitumia vizuri siku mbili za kwanza za ugonjwa, maana hapo ndipo kirusi bado kipo kwenye damu na kamasi na sampuli ina la kusema. Siku hizo zikiishia kwenye kubahatisha sindano, ushahidi unapotea na ng'ombe anayefuata ataugua hivyohivyo.

Andaa vitu hivi kabla hujaanza

Usisubiri ng'ombe augue ndipo utafute. Viweke kwenye ndoo moja yenye kifuniko:

- Kipimajoto cha mifugo, kimefungwa uzi na kibanio ili kisizame ndani.
- Daftari na kalamu. Simu yenye kamera inasaidia, lakini haichukui nafasi ya daftari.
- Glovu, barakoa, buti za mpira na sabuni.
- Vichupa vya damu vya aina mbili: chenye kifuniko cha zambarau, ambacho kina dawa ya kuzuia damu isigande, na chenye kifuniko chekundu, ambacho hakina kitu.
- Vijiti vya sampuli vyenye mpini wa plastiki, pamoja na vichupa vyenye maji maalumu ya kusafirishia virusi. Maabara nyingi hukupa ukiwaomba mapema.
- Sindano mpya za kutosha, moja kwa kila ng'ombe.
- Kasha la kuhifadhi baridi na vifurushi vya barafu.
- Tochi.
- Namba ya daktari wa mifugo, na jibu la swali hili: maabara inapokea sampuli siku gani, na kwa hali gani?

Tena uwe na mahali pa kumtenga mgonjwa, pasipo na hori wala chombo cha maji kinachotumiwa na wengine.

Hatua ya 1: Simama mbali kwanza

Kabla hujamgusa, tazama kama kuna dalili za magonjwa yanayoua watu au yanayotakiwa kuripotiwa siku hiyohiyo.

Ng'ombe akifa ghafla na damu isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue kabisa. Huenda ni kimeta. Akiwa anadondosha udenda, ananguruma kwa sauti iliyobadilika, anashindwa kumeza au amekuwa mkali bila sababu, usitie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa kwa ng'ombe huanza hivyo, na wengi wamejiambukiza wakidhani ng'ombe amekwamwa na kitu kooni. Ukiona malengelenge mdomoni na kwenye kwato, au vinundu mwili mzima, zuia mifugo isitoke wala kuingia na uripoti.

Na kama ametupa mimba, chukulia kwamba alichotupa kinaambukiza watu mpaka maabara iseme vinginevyo. Brusela, homa ya Bonde la Ufa na homa ya Q zote humpata mtu kupitia majimaji ya uzazi. Vaa glovu na barakoa. Mama mjamzito asikaribie kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu kazi ya kuondoa kondo na kufagia mahali hapo mara nyingi huachiwa yule asiye na glovu.

Hatua ya 2: Pima joto, kisha pima na la wenzake

Ingiza kipimajoto njia ya haja kubwa na ukiegemeze kwenye ukuta wa utumbo. Kikichomekwa katikati ya kinyesi kitakudanganya. Joto la ng'ombe mzima liko kati ya nyuzi 38.0 na 39.3, likipita 39.5 ni homa. Ndama anaweza kuzidi kidogo, na ng'ombe aliyekimbizwa juani pia, kwa hiyo mpumzishe kivulini kwanza.

Baada ya mgonjwa, wapime hata watano wanaoonekana wazima. Magonjwa mengi ya virusi hutanguliza homa siku moja au mbili kabla ya kamasi na udhaifu. Yule anayekula vizuri huku ana 40.5 ndiye wa kuchukuliwa sampuli leo, maana damu yake ndiyo yenye kirusi kwa wingi.

Andika: umri, mimba ya miezi mingapi, chanjo na tarehe zake, sindano ya mwisho ilikuwa ya nini, nani aliingia zizini miezi miwili iliyopita, kama wapo kondoo jirani, na kama mbu na visubi wameongezeka baada ya mvua. Andika pia walivyougua: wengi ndani ya wiki moja, au mmojammoja kwa miezi? Mstari huo mmoja umenisaidia kuliko vipimo vingi.

Hatua ya 3: Mtenge

Mtenge leo, hata kama hujui ni nini. Mhudumie wa mwisho, baada ya wazima, na usitoke kwake kurudi kwa ndama. Buti zioshwe uchafu kwanza ndipo zichovywe kwenye dawa. Dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kitu. BVD, IBR na leukosisi hufa kwa sabuni na dawa za kawaida. Rota (kirusi cha kuharisha cha ndama) na virusi vya chunjua ni vigumu zaidi, hukaa kwenye banda muda mrefu.

Hatua ya 4: Soma dalili

Anza na kile kilichokufanya uite msaada. Nimepanga kwa namna wafugaji wanavyoeleza, si kwa namna vitabu vinavyopanga.

*"Jicho limekuwa jeupe."* Chukua tochi uangalie weupe umeanzia wapi. Ugonjwa wa kawaida wa macho, ule wa bakteria unaosambazwa na nzi, mara nyingi huanza na doa katikati ya jicho moja, na ng'ombe anaendelea kula. IBR hulifanya jicho liwe jekundu na lenye machozi mengi, pua nayo ikiwa nyekundu kama iliyounguzwa, kamasi jepesi linalozidi kuwa zito, kikohozi, na maziwa yanashuka. Lakini ukiona macho yote mawili, na ukungu unaanzia pembeni, pale jeupe linapokutana na jeusi, ukielekea katikati, na homa iko 41 au zaidi, fikiria ugonjwa wa nyumbu.

Nakumbuka mtamba mmoja aliyekuwa ametiwa dawa ya macho siku nne. Nilipommulika niliona duara la ukungu kuzunguka jicho zima, kama pumzi kwenye ukingo wa kioo, na katikati bado peusi panang'aa. Pua ilikuwa imeziba kwa magamba, chini yake nyama mbichi, na matezi ya shingo yamevimba kila upande. Nikauliza habari za kondoo. Walikuwa wamezalia kwenye banda lilelile miezi michache nyuma. Hakufika mwisho wa wiki.

Ugonjwa huu unatokana na virusi viwili vya jamii ya hepesi: kimoja hubebwa na nyumbu, kingine na kondoo, na wenyewe hawaugui. Nyumbu hukimwaga zaidi wakiwa ndama wa miezi ya mwanzo. Kondoo humwaga zaidi wakiwa na miezi kama 6 hadi 9. Ng'ombe anayeonyesha dalili kwa kawaida hufa, na tiba ya kukiua kirusi haipo. Habari njema ni kwamba ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Ukiona wawili wanaugua, wote wamepata kwa kondoo au nyumbu, na huko ndiko pa kuziba. Kwa kuwa kirusi huchukua wiki hadi miezi kabla ya dalili, usiseme "kondoo niliwauza zamani" ukadhani umewaondolea lawama.

*"Ameamka mzima, mchana kalala, hasimami."* Kama ni msimu wa mbu na visubi, na wanaolala ni wale wazito, fahali na ng'ombe wa maziwa mengi, huenda ni homa ya siku tatu. Homa hupanda ghafla hadi 40 au 42, ng'ombe anachechemea mguu huu leo na ule kesho, misuli inatetemeka, udenda unamtoka, maziwa yanakatika. Kisha, kwa wengi, siku ya tatu anasimama na kuanza kula kama hakuwa yeye.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Ng'ombe mwenye homa hii anaweza kupoteza uwezo wa kumeza. Ukimwinua kichwa umnyweshe dawa kwa chupa, inakwenda kwenye mapafu, na anayekufa siku ya sita anakufa kwa nimonia uliyomtia mwenyewe. Usimnyweshe kitu chochote kwa nguvu. Weka maji karibu na mdomo, yeye ataamua.

*"Ndama hakui, na kila ugonjwa unampata yeye."* Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu BVD ndiyo inayoharibu mazizi mengi kimyakimya.

Jina lake linataja kuharisha, lakini hasara yake kubwa iko tumboni mwa mama. Ng'ombe mwenye mimba ya takriban siku 40 hadi 120 akipata kirusi, yeye mwenyewe anaweza kuwa na homa ndogo ambayo hukuiona. Kijusi bado hakijajua kutofautisha chake na cha mgeni, kwa hiyo kinamkubali kirusi kama sehemu ya mwili wake. Ndama akizaliwa, kinga yake haitapigana nacho maisha yote. Atakimwaga kwenye kamasi, mate, mkojo na kinyesi kila siku ya uhai wake. Baadhi yao hudumaa, manyoya yamesimama, nimonia leo, kuharisha kesho. Wengine, na hao ndio hatari, wananenepa na kupendeza kama ndama yeyote. Huwezi kuwajua kwa macho.

Ndama kama huyo, mara nyingi akiwa na miezi 6 hadi miaka 2, anaweza kushukiwa na hatua ya mwisho: vidonda mdomoni na kwenye ufizi, kuharisha kwa damu, kuchechemea kwa sababu ya vidonda juu ya kwato, na kifo. Wazee waliowahi kuona sotoka (tauni ya ng'ombe) wakiona hali hiyo hushtuka, na wana haki, kwani zinafanana sana. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hata hivyo ng'ombe wengi wakipata vidonda vya mdomo na kuharisha kwa pamoja, ripoti. Usijiridhishe mwenyewe kwamba ni BVD.

*"Mimba zinatoka."* Brusela ni ya kwanza kuulizwa, lakini si ya pekee. IBR hutoa mimba, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 8, na inaweza kuchukua wiki kadhaa tangu kikohozi kipite, hata ukasahau kama kilikuwepo. BVD hutoa mimba umri wowote, au ndama huzaliwa kipofu, au hawezi kusimama kwa kuwa ubongo mdogo haukukua. Ndama akizaliwa na viungo vilivyokakamaa na shingo iliyopinda, fikiria virusi vinavyobebwa na visubi, kama Akabane, au kile cha Schmallenberg kilichogunduliwa Ujerumani mwaka 2011. Mama aliumwa miezi mingi nyuma. Usimvute ndama aliyekakamaa kwa nguvu za watu wanne, utampasua mama. Ita daktari.

*"Ana vidonda kwenye chuchu"* au *"ana vinundu."* Vinundu vya mapele ngozi ni vigumu na vinashika ngozi yote hadi chini, baadaye katikati hufa na kung'oka kama kizibo. Kuna ugonjwa mwingine unaoiga, wa kirusi cha hepesi, ambao vinundu vyake viko juujuu, bapa, na katikati vimebonyea kidogo. Huo hupona bila kuacha makovu makubwa. Kirusi hichohicho kwenye kiwele cha mtamba aliyezaa mara ya kwanza huchubua chuchu vibaya, ngozi inatoka na kukamua kunakuwa mateso.

Chuchu zenye magamba ya duara au umbo la kiatu cha farasi ni ndui bandia. Ng'ombe hadhuriki sana, ila tazama vidole vya mkamuaji: uvimbe mwekundu wa zambarau usiouma sana ni ugonjwa uleule. Avae glovu, akamue walioathirika mwishoni. Ndama wenye vipele vyekundu puani na mdomoni lakini hawana homa wanaweza kuwa na ndugu yake, na huyo pia humwambukiza mtu anayewanywesha kwa kidole. Chunjua za kawaida kwa ng'ombe wadogo huondoka zenyewe baada ya miezi. Usizikate kwa wembe unaohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

*"Matezi yamevimba lakini hana homa."* Kama kuna kupe na homa, wahi kupima ndigana kwanza. Kama homa haipo, ng'ombe ni mtu mzima, anakonda, na labda jicho moja linasukumwa nje, fikiria leukosisi. Hiki hakipigi kelele: wengi wenye maambukizi hawaonyeshi kitu maisha yao yote, na chini ya 5 kwa kila 100 ndio hupata uvimbe wa saratani. Huenea kwa damu, na damu hiyo mara nyingi tunaihamisha sisi kwa sindano moja, kisu kimoja cha pembe, koleo moja la hereni, glovu moja ndefu ya kupimia mimba.

Hatua ya 5: Chukua sampuli ipasavyo

1. Damu ya kichupa cha zambarau kwa kutafuta kirusi chenyewe, wakati homa iko juu. Pindua kichupa polepole mara nane au kumi, usikitikise.
2. Damu ya kichupa chekundu kwa kutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Iache igande mahali pa kivuli, kisha maji ya juu yahamishiwe kichupa kingine. Chukua tena kwa ng'ombe yuleyule baada ya wiki 3. Matokeo mawili yakilinganishwa ndiyo yanayosema. Moja pekee mara nyingi halisemi.
3. Kijiti cha pua kwa IBR na virusi vya mapafu, siku za mwanzo wakati kamasi bado ni jepesi. Futa tundu la nje kwanza, kisha zungusha ndani. Kamasi likishakuwa usaha, umechelewa.
4. Kipande kidogo cha sikio kwa kutafuta ndama wa BVD. Kwa ndama wachanga ni bora kuliko damu, kwa sababu kingamwili za dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) zinaweza kuficha kirusi kwenye damu.
5. Mimba iliyotoka: kijusi kizima kikiwezekana, kondo, na damu ya mama. Mbwa wasikifikie kabla yako.
6. Kwa ugonjwa wa nyumbu: damu ya zambarau, akifa, daktari achukue tezi na vipande vya viungo.

Andika jina au namba ya ng'ombe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko huchanganyika. Weka baridi kama ya jokofu, na barafu isigusane na vichupa moja kwa moja.

Angalizo: usigandishe damu nzima. Chembe hupasuka na maabara itaitupa.

Hatua ya 6: Mtunze mgonjwa

Mwili wake ndio utakaopigana. Wewe unaupa nafasi. Kivuli, maji safi karibu, majani laini. Aliyelala mgeuze upande kila baada ya saa chache, umwekee nyasi nene chini, na umkalishe kifudifudi asilale ubavu kama mfu, gesi isije ikamjaa. Daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe isiyo ya steroidi. Kwa homa ya siku tatu huongeza na kalisi, maana hupungua kwenye damu. Kalisi ya mshipani isichomwe na mtu asiyezoea: ikienda haraka, moyo unasimama.

Antibiotiki ina nafasi yake pale bakteria wanapoingia juu ya kirusi, kwa mfano kwenye mapafu. Aamue daktari, na muda wa kumwaga maziwa uheshimiwe.

Kitu kimoja kinanikera sana: deksamethazoni kuchomwa kama dawa ya kila kitu. Inapunguza kinga, inaweza kutoa mimba kubwa, na kwa ng'ombe aliyewahi kuugua IBR inaamsha kirusi kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu, akaanza kukimwaga upya kwa wenzake. Usiichome bila kujua unachotibu.

Ndama anayeharisha kwa rota au korona, kwa kawaida ndani ya wiki tatu za mwanzo, hufa kwa kukaukiwa maji. Mpe maji ya chumvi na sukari ya dukani ya ndama kati ya milo, na usimkatie maziwa.

Hatua ya 7: Funga milango

- Sindano moja, ng'ombe mmoja. Visu vya pembe, koleo na vifaa vya kuhasi vioshwe na kuchovywa dawani kila baada ya mnyama.
- Kondoo wasikae na ng'ombe banda moja, na malisho wanayozalia nyumbu yaepukwe msimu huo.
- Ng'ombe mgeni akae peke yake wiki 3 hadi 4 na apimwe BVD kabla ya kuchanganywa. Mtamba mwenye mimba ni wageni wawili: yeye anaweza kuwa mzima, ndama aliye tumboni akawa na kirusi. Mpime ndama siku anayozaliwa.
- Mbegu za kupandikiza zitoke kwenye kituo kinachopima fahali. IBR na BVD husafiri kwenye mbegu. Fahali wa kuazima ni hatari zaidi.
- Dang'a ndani ya saa 6 za kwanza, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama.

Kuwasaka wabebaji wa BVD, yaani wale waliozaliwa na kirusi, anza na ndama wote. Ndama akiwa hana kirusi, na mama yake hana, kwa sababu mama mbebaji daima huzaa mbebaji. Hivyo unapunguza gharama kwa nusu. Ndama akiwa nacho, mpime mama. Mbebaji aliyethibitishwa aondoke kwenda machinjioni kwa utaratibu wa sheria za mahali ulipo. Kumuuza kwa jirani kama ndama wa kufuga ni kumpelekea msiba huku unachukua fedha zake.

Hatua ya 8: Chanjo

Zipo za BVD, IBR, virusi vya mapafu, na mahali pengine homa ya siku tatu. Soma karatasi ya ndani. Chanjo hai za BVD na IBR zinaweza kutoa mimba au kudhuru kijusi kama hazikuruhusiwa kwa wenye mimba, kwa hiyo mitamba huchanjwa kabla ya kupandishwa. Na chanjo haimwondoi mbebaji wa BVD. Ukimwacha zizini anailemea kila siku. Kwa leukosisi, ulinzi mkuu ni usafi wa vifaa.

Yakienda kombo

*Maabara imesema hasi, lakini anaumwa.* Uliza sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi. Siku ya saba ya homa ya siku tatu, kirusi hakipo tena kwenye damu. Rudia kwa jozi ya damu nyekundu, au chukua kwa ng'ombe mpya aliyeanza homa leo.

*Kingamwili chanya.* Maana yake amewahi kukutana na kirusi, au alichanjwa, au ni ndama aliyenyonya dang'a ya mama mwenye kingamwili. Si lazima kiwe ndicho kinachomuumiza leo. Kwa leukosisi, usimwamini ndama wa chini ya miezi 6.

*Ndama amekuwa chanya BVD mara moja.* Mtenge, rudia baada ya wiki 3 hadi 4. Maambukizi ya kupita huwa yameisha. Mbebaji wa kudumu atakuwa chanya tena.

*Homa ya siku tatu, na leo siku ya tano hajasimama.* Misuli na mishipa ya fahamu imeumia kwa kulala. Endelea kumgeuza, mwite daktari arudie kalisi na aangalie kiwele na mapafu. Wapo wanaosimama baada ya wiki. Fahali aliyepona asitegemewe kupandisha mara moja; uzazi wake unaweza kuyumba kwa miezi, hata 6.

*Nimechanja, mimba bado zinatoka.* Angalia mambo matatu: chanjo ilikaa baridi muda wote? Iliwahi kabla ya mimba? Kuna mbebaji ambaye hajapimwa? Mara nyingi ni hilo la tatu, na mara nyingi ni yule ndama mzuri ambaye hakuna aliyetaka kumtoboa sikio.

*Maabara iko mbali na barafu sina.* Maji ya damu yaliyokwisha kutenganishwa na vipande vya sikio vinaweza kugandishwa kwenye friza mpaka usafiri upatikane. Vipande vya viungo, unene wa sentimita moja tu, vikae kwenye formalini mara kumi ya ujazo wake. Hivyo havihitaji baridi na vitasafiri hata wiki. Usigandishe kilichokuwa kwenye formalini, na usisahau kuandika tarehe ya siku ng'ombe alipoanza kuugua, siyo siku uliyopeleka.